Anaiba vya wanaompenda tu: nadharia gani ya haiba inamweleza mtoto huyu?

#1 Binti Fildi
Habari zenu wadau. Niko fildi, mwaka wa mwisho, ustawi wa jamii upande wa kliniki. Nimekabidhiwa msichana wa miaka 12 anayeishi makao ya watoto. (Umri na mambo mengine nimeyabadilisha, msianze.) Alilelewa na mama yake mpaka akakaribia miaka mitatu. Mama akaugua, ugonjwa wa muda mrefu, mtoto akazungushwa kwa ndugu watatu kabla ya kufikishwa makao. Darasani yuko vizuri, hapigani, hatukani. Ila anaiba.

Na haibi ovyo. Kuna mlezi mkali anayemfokea kila mtu. Huyo hajapoteza hata kalamu. Wanaoibiwa ni wale wanaompenda: mlezi mpole wa zamu ya usiku, mwalimu anayebaki naye baada ya vipindi kumsaidia hesabu, mama mmoja wa kujitolea. Vitu vyenyewe havina thamani: kitana, ufunguo wa baiskeli, kasha tupu la miwani. Havitumii, havigawi, haviuzi. Anaviweka chini ya godoro lake, pale pale ambapo yeyote angepekua kwanza.

Msimamizi anataka ripoti yenye sehemu ya ukuaji wa haiba kwa mtazamo wa saikodinamiki, yaani jinsi hisia zilizofichika na malezi ya utotoni yanavyomjenga mtu. Nimepitia wananadharia watatu: Freud, Erikson na Bowlby. Kila mmoja ananipa nusu ya mtoto. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

#2 Mpita Njia
Naweka kambi. Nyuzi za hivi huwa haziishi salama.

#3 Mshauri Mtulivu
Anza na Erikson, ni rafiki wa mwanafunzi. Mwaka 1950 aliweka hatua 8 za maisha, na ya kwanza ni kuamini dhidi ya kutoamini: nikilia, kuna anayenijibu? Mtoto wako alijibiwa, halafu majibu yakakatika. Erikson hakusema hatua ikipita imefungwa. Swali la mwanzo hurudi katika kila hatua inayofuata, likiwa na sura mpya. Kwa miaka 12 binti yuko ukingoni mwa hatua ya bidii dhidi ya kujiona duni, anaingia kwenye ile ya utambulisho. Mimi ningeandika kwamba kila anapopendwa, lile swali la kwanza linaamka: huyu naye ataondoka? Kuiba ni namna yake ya kuuliza.

#4 Nyundo
Swali la mshamba: huyo mtoto ana kitu chochote kilicho chake peke yake? Kabati lenye kufuli? Nguo ambayo haijavaliwa na mwingine kabla yake? Mnakimbilia mwaka wa kwanza wa maisha wakati mtoto analala chumba cha watu wengi na sehemu pekee anayoweza kuficha kitu ni chini ya godoro. Asiye na chake huchukua cha mwenzake. Hapo hahitajiki Freud wa Vienna.

#5 Sikio la Tatu
Nyundo, soma tena #1. Kama ni uhaba, angemwibia na mkali, tena angeiba vyenye faida. Kasha tupu la miwani linamsaidia nini?

Binti, mtafute Winnicott wa 1956, alipoandika juu ya watoto wanaoiba na kuharibu. Alikuwa daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi kwa pamoja, kwa hiyo aliona wengi. Hoja yake imekaa kinyume na walivyozoea watu: mtoto anayeiba hatafuti kitu, anamtafuta mama ambaye ana haki naye, na kuiba kwenyewe ni dalili ya matumaini. Aliyekata tamaa kabisa hamsumbui mtu.

Tena anatenganisha watoto wa aina mbili. Kuna ambaye hakupata malezi mema tangu mwanzo, na kuna aliyepata kisha akanyang'anywa akiwa na akili ya kutosha kuhisi kwamba kosa limetoka nje, si kwake. Huyu wa pili ndiye anayerudi kudai. Karibu miaka mitatu na mama, kisha kukatika: ni huyu huyu. Anawaibia wapole kwa sababu kwao ndiko kunaonekana uwezekano wa kulipwa. Mkali hana deni naye.

#6 Mama Wawili
Mbona Bowlby mnamruka? Si ndiye aliyefanya utafiti wa wezi 44, mwaka 1951, akakuta wote walitenganishwa na mama zao wakiwa wadogo? Jibu lipo hapo, ripoti imekwisha.

#7 Kijana wa Takwimu
#6 hapana mama, umeunganisha mambo mawili. Wezi 44 ni makala ya 1944, kutokana na kazi aliyoifanya kabla ya vita kwenye kliniki ya watoto jijini London. Ya 1951 ni ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani kuhusu malezi ya mama na afya ya akili.

Na si wote. Kati ya 44, waliotenganishwa na mama kwa muda mrefu kabla ya miaka mitano walikuwa 17. Kwenye kundi la kulinganisha, watoto wengine 44 wa kliniki hiyo hiyo wasioiba, walikuwa 2 tu. Uzito uko kwa wezi 14 aliowaona hawana mapenzi na mtu yeyote: 12 kati yao walitenganishwa.

Sasa angalieni. Hao 14 walikuwa baridi, hawajali nani yupo na nani hayupo. Mtoto wa Binti anachagua wa kumwibia kwa kufuata mapenzi. Hayumo kwenye hao 14. Kwa hiyo makala inayotajwa kila mara mtoto akiiba ndiyo isiyomgusa huyu. Tena Bowlby mwenyewe ndiye aliyewapima, na ndiye aliyewapanga kwenye makundi. Leo mhariri angemrudishia.

#8 Mama Wawili
Asante mwanangu, ila umenisahihisha kwa furaha mno.

#9 Dada wa Wodini
Kidogo nje ya mada. Historia za familia katika ule utafiti wa Bowlby hazikuchukuliwa na daktari peke yake. Mzazi alihojiwa pia na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Hizo 12 kati ya 14 zina mkono wake pia. Jina lililobaki mnalijua.

Na James Robertson je? Alianza kama mtu wa boila kwenye vituo vya kulelea watoto vya Anna Freud, binti wa Freud, wakati wa vita. Pale hata fundi alitakiwa kuandika anachokiona kwa watoto. Baadaye akasomea ustawi wa jamii upande wa afya ya akili, Bowlby akamchukua kufuatilia watoto waliolazwa. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyekaa hospitalini siku 8 bila mama yake kukaa naye, na madaktari wengi wakaja juu. Mpaka 1959 ndipo kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao kwa uhuru.

Nimeleta hili kwa sababu Robertson aliona mtoto anapitia vipindi vitatu: anapinga, anakata tamaa, kisha anajitenga. Cha tatu ndicho kinachotudanganya wodini. Mtoto ametulia, anacheza na kila muuguzi, tunaandika "amezoea". Kwa hiyo ile "darasani yuko vizuri, hapigani" ya #1 nisingeihesabu kama habari njema moja kwa moja.

#10 Nyundo
Yaani akitulia ana tatizo, akiiba ana matumaini. Nadharia isiyoweza kukosea, na huo ndio ubovu wake.

#11 Kijana wa Takwimu
Naandika tarehe: leo nimekubaliana na Nyundo.

#12 Sikio la Tatu
Basi niwape nyingine inayompinga Winnicott, msije mkasema nina kanisa langu. Fairbairn wa Edinburgh, 1943. Alishangaa kwamba watoto waliotendewa vibaya nyumbani hawasemi wazazi wao ni wabaya. Wanauchukua ubaya ule na kujivika wenyewe. Maelezo yake ni kwamba afadhali kuwa mwenye dhambi katika dunia ya Mungu kuliko kuishi katika dunia ya shetani. Ubaya ukiwa wangu, angalau wakubwa ni wema na siku moja naweza kutengemaa.

Mlete mtoto hapa. Mama aliondoka. Ama mama ni mbaya, ama mimi. Amechagua mimi. Sasa anatokea mlezi mpole anayemtendea kama mtoto mwema, na hesabu zote zinavurugika. Anafanya tendo moja dogo baya, analificha mahali litakapoonekana, na hesabu zinarudi sawa.

Kwa Winnicott tendo hilo ni madai ya haki. Kwa Fairbairn ni ushahidi wa hatia. Tendo lile lile, kitana kile kile.

#13 Mkufunzi Mstaafu
Vijana mmechangamka. Nimefundisha kozi hii muda mrefu na nina manung'uniko machache.

La kwanza, mmemtaja Freud kama jina la kufungulia kikao tu. Mtoa mada anadhani Freud ni kinywa, haja, na zile hatua za ukuaji za 1905. Kwa kesi hii asome kipande kifupi cha 1916, kuhusu watu wanaofanya makosa kwa sababu ya hatia. Anageuza mpangilio: hatia inatangulia, kosa linafuata. Mtu anabeba hatia asiyoijua imetoka wapi, anatenda kosa, na anapata nafuu kwa sababu sasa hatia ina kitu cha kushikamana nacho. Fairbairn wa #12 anatembea karibu na njia hiyo, ingawa aliiacha nadharia ya misukumo ya Freud, ile ya kwamba mtu huendeshwa na tamaa za asili.

La pili, hakuna aliyegusa njia za kujihami za nafsi, yaani jinsi mtu anavyojikinga na maumivu bila kujua. Anna Freud alizipanga vizuri mwaka 1936. Mojawapo ni kugeuza kutendwa kuwa kutenda. Huyu mtoto ndiye aliyepotewa. Sasa anawafanya wengine wapotewe, kidogo kidogo, na wale tu ambao kupotewa kwao kutauma. Mlezi mpole anatafuta kitana chake asubuhi nzima, anauliza huyu na yule. Mtoto anamtazama mtu mzima akipitia kile alichokipitia yeye. Mimi naona hapo pana nguvu kuliko kwenye matumaini ya Sikio, lakini silazimishi.

La tatu, mnazungumza kama nadharia hizi ziliingia kwetu bila ugomvi. Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa fani yetu ya ustawi wa jamii, mwaka 1917 alitufundisha kukusanya ushahidi wa kijamii: nyumba, kazi, ndugu, majirani. Freud hayumo. Miaka ya 1920 uchambuzi wa nafsi wa Freud ukaingia Marekani kwa kishindo, na kufikia miaka ya 1930 fani ikagawanyika. Wafuasi wa utambuzi wa tatizo walimfuata Freud na kuchimba historia ya mteja. Kule Pennsylvania, Jessie Taft na Virginia Robinson walimfuata Otto Rank, aliyeachana na Freud: utashi wa mteja, uhusiano wa sasa hivi, na mipaka ya shirika, muda ukiwemo. Ugomvi ulidumu miaka mingi. Florence Hollis, 1964, bado alikuwa anajaribu kumweka mtu na mazingira yake kwenye sentensi moja. Kwa hiyo Nyundo wa #4 si mgeni humu, ana ukoo mrefu.

#14 Binti Fildi
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya 1936 inanigusa. Mlezi mpole aliniambia kwamba mtoto humsaidia kutafuta. Anainama chini ya kiti pamoja naye.

#15 Sikio la Tatu
Hilo ulipaswa kuliandika #1!

#16 Mshauri Mtulivu
Kumsaidia kutafuta kunaingia kwangu pia. Anapima: je, utanitafuta?

#17 Nyundo
Kunaingia kwa kila mtu, ndiyo shida. Au anasaidia kutafuta ili asishukiwe, kama mwizi yeyote mwenye akili.

#18 Kijana wa Takwimu
Niweke maji baridi kidogo. Mwaka 1973 Joel Fischer alipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu kuhudumia wateja mmoja mmoja, zile zenye kundi la kulinganisha, akahitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa huduma ile inafaa. Kazi nyingi za wakati ule zilisimama juu ya haya mnayoyajadili. Kabla ya kuchagua kati ya Winnicott na Fairbairn, kuna anayejua kama kuchagua kunamsaidia mtoto?

#19 Mshauri Mtulivu
Kijana, mbona umeishia 1973? Mwaka 2010 Jonathan Shedler alikusanya mapitio ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba tiba za saikodinamiki zina matokeo yanayolingana na tiba nyingine zinazosifiwa kuwa na ushahidi, na kwamba nafuu huendelea kukua hata tiba ikiisha.

#20 Kijana wa Takwimu
Wengi wao watu wazima walioketi na mtaalamu kwa miezi. Si mtoto wa makao anayeonwa na mwanafunzi wa fildi. Na kuna waliompinga Shedler kuhusu ubora wa tafiti alizozijumlisha.

#21 Mshauri Mtulivu
Na kuna waliompinga Fischer. Tutakesha.

#22 Mama Wawili
Mimi sina digrii ya haya, nilikuwa mlezi wa kambo kwa watoto wengi. Nilipata ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliachwa siku moja. Mmoja alikuwa anaficha vitu vyangu kila wiki. Mwenziwe hakugusa hata sindano, alikuwa mcheshi, analala usingizi wake. Mniambie nadharia ya mama aliyeondoka inawaelezaje hao wawili kwa pamoja.

#23 Dada wa Wodini
Mama, swali lako lina watu wake. Thomas na Chess walianza mwaka 1956 jijini New York kuwafuatilia watoto tangu uchanga, wakasema mtoto anazaliwa na hulka yake: mwepesi, mgumu, na yule anayechelewa kuchangamka. Jambo wanalotazama ni kama hulka ya mtoto inaoana na mazingira aliyoyapata. Hawakuwa wafuasi wa saikodinamiki, tena walikuwa wamechoshwa na desturi ya wakati ule ya kumlaumu mama kwa kila kitu.

#24 Sikio la Tatu
Ila "waliachwa siku moja" haina maana waliachwa na umri mmoja. Mkubwa alikuwa na miaka mingapi, mdogo mingapi?

#25 Mama Wawili
Mkubwa mitano. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Mfichaji ni mkubwa.

#26 Sikio la Tatu
Mkubwa alikuwa nacho kikaondoka. Winnicott anapiga makofi.

#27 Nyundo
Angekuwa mdogo ndiye mfichaji ungesema Erikson anapiga makofi.

#28 Dada wa Wodini
Hahaha. Nyundo, nikupe zawadi. Umelia kuhusu kabati na chumba. Kuna mchambuzi wa nafsi, Isabel Menzies, aliyechapisha mwaka 1960 utafiti wa wauguzi wanafunzi katika hospitali moja ya London. Aliona jinsi kazi ilivyopangwa: muuguzi anahamishwa wodi kila mara, anafanya kazi moja kwa wagonjwa wengi, mgonjwa anaitwa kwa ugonjwa na namba ya kitanda. Ukiuliza unaambiwa ni utaratibu. Menzies akasema utaratibu wenyewe ni njia ya taasisi kujihami, ili mtu asikae na mgonjwa mmoja mpaka aumie naye. Na haukuwasaidia, walizidi kuacha masomo.

Makao ya watoto yenye zamu zinazopokezana yana ugonjwa huo huo. Mlezi mpole ni wa usiku tu. Asubuhi anaondoka, kila siku. Kwa hiyo mazingira yako na saikodinamiki havipigani, ni jinsi ya kuyasoma tu.

#29 Nyundo
Zawadi nimeipokea kwa tahadhari. Lakini tazama mlivyofanya: nimesema makao hayana kabati, mmenirudishia hisia za taasisi. Kabati bado halipo.

Binti, swali: wewe amekuibia nini?

#30 Binti Fildi
Hajaniibia kitu.

#31 Nyundo
Pole. Kwa sheria ya #1, basi hujapendwa bado.

#32 Mpita Njia
😂😂😂 kambi yangu imelipa

#33 Binti Fildi
Nyundo sijapenda. Nakaa naye mara mbili kwa wiki, anachora, anaongea, ndiye wa kwanza kunipokea getini. Sioni kwa nini niibiwe ndipo nithibitike.

#34 Mkufunzi Mstaafu
Nyundo ametania, ila asiachwe. Binti, hilo kero ulilolipata lishike kabla halijapoa. Paula Heimann aliandika mwaka 1950 kwamba hisia za mhudumu kwa mteja si takataka za kufagia, ni chombo cha kumsikilizia mteja. Kabla yake wengi walizihesabu kuwa dosari ya mhudumu. Umejisikia umeachwa nje. Jiulize ni nani mwingine kwenye kesi hii anajisikia hivyo.

Pia nijibu moja. Kabla yako, wanafunzi wangapi wa fildi wamekaa na mtoto huyu? Na yako inaisha lini?

#35 Binti Fildi
Nimeangalia faili. Kila mwaka amepewa mmoja. Yangu inaisha mwisho wa muhula. Sijamwambia tarehe, nilidhani ni mapema.

#36 Sikio la Tatu
Basi anajua ninyi ni watu wa kupita. Kwa nini akudai wewe? Mama wa kujitolea harudi nyumbani kwao mwisho wa muhula.

#37 Kijana wa Takwimu
Au mkoba wake hauko wazi. Binti, vitu vyako unaviweka wapi ukiwa kule?

#38 Binti Fildi
...kwenye kabati la ofisi. Lina kufuli. Ni masharti ya makao kwa wanafunzi.

#39 Nyundo
Nimefurahi kwamba kufuli limepatikana.

#40 Mpita Njia
Acha mkoba mezani wiki ijayo tuone.

#41 Mkufunzi Mstaafu
Usithubutu. Mtoto si panya wa maabara, na ukimtega akaiba, utakuwa umemfundisha kwamba wapole nao huweka mitego. Mwambie tarehe ya kuondoka. Taft angekwambia hivyo: mwisho ukijulikana tangu mapema, ndani yake ndimo kazi inafanyika. Waliomtangulia Binti waliagaje? Faili linasema?

#42 Binti Fildi
Halisemi. Ripoti zao zinaishia kwenye mapendekezo.

#43 Mshauri Mtulivu
Kumwambia tarehe sawa, lakini kuna hatari. Mtoto wa namna hii akijua unaondoka anaweza kukuacha kwanza. Hatakuja getini tena, na Binti atakaa peke yake na karatasi za kuchorea. Msimamizi amwandae.

#44 Mama Wawili
Wangu walikuwa hivyo. Ukiwaambia, wanakununia kabla. Usipowaambia, wanamnunia anayefuata.

#45 Sikio la Tatu
Tuongeze Selma Fraiberg kabla uzi haujafungwa. Alikuwa wa fani yetu, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuja kuwa mchambuzi wa nafsi. Mwaka 1975, pamoja na wenzake, aliandika juu ya akina mama wasiosikia kilio cha vichanga vyao, kwa sababu kilio chao wenyewe hakikuwahi kusikika. Walikwenda mpaka nyumbani, wakakaa sebuleni na mama na mtoto. Alichoona ni kwamba mzazi anayekumbuka maumivu ya utoto wake, siyo matukio tu bali maumivu yenyewe, hayarudii kwa mwanawe. Hayo yanaingia hapa kwa sababu...

#46 Dada wa Wodini
Samahani nakukata Sikio. Umesema mama, nimeshtuka. Tumefika 45, na tangu #1 mama anaitwa "akaugua, ugonjwa wa muda mrefu". Yuko wapi? Alifariki? Alipona? Ana watoto wengine? Binti?

#47 Binti Fildi
Faili lina mstari mmoja: "mama mgonjwa, hawezi kulea". Umeandikwa siku ya kupokelewa. Hakuna kingine juu yake.

#48 Kijana wa Takwimu
Na hao ndugu watatu?

#49 Binti Fildi
Majina yapo. Wawili wana namba za simu, sijui kama zinapatikana.

#50 Nyundo
Piga.

#51 Sikio la Tatu
Asipige leo! Azungumze na msimamizi kwanza, na mtoto asiahidiwe chochote mpaka ijulikane kuna nini. Bowlby alisimulia kwamba akiwa mwanafunzi, Melanie Klein, mchambuzi wa nafsi aliyekuwa msimamizi wake, alimkataza kuzungumza na mama wa mtoto aliyekuwa anamtibu, kwa kuwa kwa Klein kazi ilikuwa na ulimwengu wa ndani wa mtoto. Mama yule baadaye alilazwa kwa maradhi ya akili. Bowlby hakulisahau. Lakini kuna tofauti kati ya kukatazwa kumwona mama na kumkurupukia.

#52 Nyundo
Msimamizi mwenyewe anataka sehemu ya haiba. Atauliza simu ya nini.

#53 Mkufunzi Mstaafu
Akiuliza, Binti amwoneshe ule mstari mmoja na tarehe yake. Na ripoti iende na maelezo mawili, la madai na la hatia, yakiwa yamekaa ubavu kwa ubavu. Msimamizi anayetaka moja tu atasema.

#54 Kijana wa Takwimu
Mawili? Nahesabu saba mpaka sasa, na la kabati halijajibiwa.